Vyakula Alivyoviacha Battistina Goddi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Novemba, beleshi la mbao lilimponyoka Battistina Goddi mbele ya mdomo wa tanuri. Mkate uliokuwa juu yake uliangukia makaa ukaungua. Battistina aliutazama mkono wake wa kushoto kabla ya kuutazama mkate, kwa sababu hakuhisi mkono huo ulipoachia.

Tatana, mama mkwe wake na mwenye tanuri, ambaye sote humwita tzia kwa heshima ya umri, alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Orgorai, kijiji chetu, angefanya. Kwetu joto la tanuri hukausha ugonjwa. Mzazi aliyetoka kujifungua, mzee anayeumwa magoti, mtoto mwenye kikohozi, wote huketishwa ubavuni mwa tanuri. Tatana akakisogeza kiti chake kifupi hadi karibu na mdomo, akamketisha Battistina, akamfunika shali ya sufu na kuhakikisha dirisha limefungwa. Baada ya muda mguu wa kushoto nao ukafa ganzi, kisha jicho la kushoto likafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Lussoria, jirani aliyekuwa akisukuma donge kwenye meza, aliuliza swali moja.

"Asubuhi umekula nini?"

"Mkate na mafuta ya nguruwe. Kama wewe."

"Mimi sina sklerosi."

Battistina alikwenda nyumbani akijishika ukutani. Nje kulikuwa na baridi kali. Alipofika mlangoni kwake, vidole vya kushoto viliutafuta ufunguo mfukoni na kuupata.

Sklerosi ni jina tunalolitumia sote, maana hapa mlimani hakuna ukoo usio na mgonjwa wake. Kinga ya mwili huzigeukia ala zinazofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, ikazila, na ujumbe unaopita kwenye neva hizo ukawa unafika kwa shida au usifike. Battistina alikuwa ameambiwa kwamba anao miaka miwili kabla, akiwa na miaka arobaini na moja. Tangu hapo alikwenda hospitali mjini mara mbili kwa mwaka kuwekewa dripu ya dawa, na kila walipompiga picha za ubongo hawakuona kovu jipya. Alikuwa anatembea, anaona, na Jumanne na Ijumaa anasimama mbele ya tanuri.

Kusimama hapo si jambo dogo. Karasau ni mkate mwembamba kama karatasi nzito. Donge husukumwa hadi liwe duara pana, huingizwa kwenye tanuri lililochomwa kwa mwaloni, na kwa muda wa kuvuta pumzi chache huvimba kama mpira. Anayesimama mdomoni lazima autoe wakati huohuo. Akiutoa mapema haufunguki, akichelewa unapasuka. Kisha aliyeketi na kisu huukata ukingoni pande zote na kuutenganisha uwe karatasi mbili, na mwisho karatasi hizo hurudishwa tanurini zikauke. Wanawake watatu wanatosha, wawili hawatoshi. Mdomo wa tanuri la tzia Tatana ulikuwa wa Battistina tangu alipoolewa, na hakukuwa na kitu kingine katika kijiji ambacho watu walisema anakijua kuliko wao.

Ijumaa hakula mafuta ya nguruwe. Mguu ukakokota. Alikuwa amekula jibini, kwa hiyo jibini ikafuata. Jumanne iliyofuata lawama ziliangukia soseji, na baada yake maziwa, mayai, divai na kahawa. Lussoria alikuwa na binamu bara, ng'ambo ya maji, ambaye alisoma kwamba kila mgonjwa wa sklerosi ana chakula chake kinachoulisha ugonjwa, na kazi ya mgonjwa ni kukitafuta hadi akipate. Battistina alilipenda wazo hilo kwa sababu lilimpa kazi ya kufanya. Alipokipata chakula chenyewe angekiacha, na angebaki mahali pake. Siku zisizo za mkate zilipita vizuri, na uzuri huo ulihesabiwa kuwa matunda ya mlo. Siku za mkate zilipokuwa mbaya, ilimaanisha chakula chenyewe bado hakijapatikana. Kufika Desemba aliacha ngano, na mwanamke aliyeoka mkate wa nusu ya kijiji akawa hali mkate.

Desemba ni mwezi wa kuchinja nguruwe. Anayechinja hupeleka sahani kwa jirani: kipande cha ini, mbavu, kidogo cha damu iliyopikwa na zabibu kavu. Jirani huipokea, na akichinja wake hujaza sahani ileile na kuirudisha. Sahani ya Mallena, wa nyumba ya tatu, ilifika ikiwa na ini na mbavu. Battistina aliirudisha na nyama yake. Orgorai jambo hilo hufanywa na familia ambazo zimeacha kusalimiana.

Mallena alikuja mwenyewe na sahani ileile mkononi, bila hata kuvua aproni.

"Kama una neno na mimi, niambie usoni," alisema. "Usinitumie ini."

Battistina alimweleza. Mallena alisikiliza akiwa amesimama, akamtazama kuanzia mabega hadi viatu.

"Basi wape paka. Lakini sahani yangu isirudi na nyama tena."

Nyama ililiwa na Bachis, mume wa Battistina, na sahani ikabaki juu ya kabati. Bachis ni mchungaji. Jibini yake ya kondoo huliwa hadi mjini. Kwenye baa walimuuliza kwa nini wanunue jibini ambayo hata mkewe ameikimbia. Alijibu kwamba kondoo wake nao hawaili, na hawajawahi kulalamika. Nyumbani aliendelea kuweka kipande mezani kila jioni, na kila asubuhi alikikuta palepale.

Usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Antonio, katikati ya Januari, kila mtaa huwasha moto wake mkubwa wa magogo, na watu huuzunguka mara tatu wakiomba heri. Battistina hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikuwa amepima mambo: kwenye moto watu wanakutia chakula mkononi bila kukuuliza, na tumbo tupu lingemlinda. Katika mzunguko wa pili mguu ulianza kukokota. Katika wa tatu Bachis alimbeba.

Walikaa ukutani, Bachis, Lussoria na yeye, wakitafuta sababu. Hakukuwa na chakula cha kulaumu.

"Ni moshi wa soseji," alisema Lussoria mwishowe. "Umeuvuta."

Hakuna aliyecheka, na hilo linaonyesha tulikuwa tumefika wapi. Battistina alirudi nyumbani akaamua kwamba kitu alichokula siku iliyotangulia lazima kilibaki mwilini. Alikuwa amekula maharage. Maharage yakaondoka, na dengu pamoja nayo. Zilibaki wali, karoti zilizochemshwa na chai isiyo na kitu. Sketi zake alizifunga kwa pini. Mchana alilala mezani, kichwa juu ya mikono.

Ijumaa moja ya Februari mguu ulimwacha kabisa. Aliyumba kuelekea motoni, akajizuia kwa mkono wa kulia kwenye jiwe la mdomo wa tanuri, na ngozi ya juu ya kifundo ikabaki jiweni. Lussoria alimvuta kwa aproni. Tzia Tatana aliacha kisu chake, akapaka jeraha mafuta ya zeituni, akafunga kitambaa, na ndipo akasema. Alisema kwamba hamfukuzi mtu. Alisema amewazika wawili wa ukoo wake kwa ugonjwa huu na hatazika wa tatu kwa tanuri. Mkate wa Wiki Takatifu ndio mkubwa wa mwaka. Grassia, mpwa wa Lussoria, amerudi kutoka bara na anajua kushika beleshi.

"Mkate wa Pasaka nitauoka na mtu anayesimama," alimaliza.

"Nitasimama," alisema Battistina.

"Kwa karoti?"

Battistina aliokota beleshi, akalisimamisha pembeni mahali pake.

Machi ulikuwa mwezi wake wa dripu. Daktari Cabras, mwanamke asiye na haraka, alimpima uzito, akatazama tarakimu, akampima tena.

"Umepungua sana. Unafanya nini?"

"Natafuta chakula kinachonidhuru."

"Umekipata?"

"Bado. Vimebaki wali na karoti."

Daktari hakumcheka. Alimwekea majibu mezani. Picha za ubongo zilikuwa zilezile za mwaka uliopita. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Damu ndiyo ilikuwa mbaya: madini ya chuma yako chini, vitamini B12 iko chini, D iko chini. Misuli ya mapaja imesinyaa. Kisha alimweleza kinachojulikana na kisichojulikana. Hadi siku hiyo hakuna mlo uliothibitishwa kuzuia sklerosi, na anayesema upo aulizwe ushahidi wake. Kupunguza mafuta ya nguruwe ni jambo jema kwa moyo, na moyo wenye afya ni faida kwa mgonjwa wa sklerosi kuliko kwa wengine. Samaki, dengu, mboga, mafuta ya zeituni, matunda: mlo huo humpa mtu nguvu, humsaidia choo, na baadhi ya wagonjwa husema uchovu hupungua. Lakini mlo huenda sambamba na dawa, na njaa si mlo.

"Kulala mezani mchana, hiyo ni njaa," alisema. "Hiyo naielewa. Mguu ndio siuelewi. Ukianza kukokota, hudumu muda gani?"

"Hadi nifike nyumbani."

"Siku nzima?"

"Ni mtaa mmoja tu, daktari."

"Shambulio jipya hudumu zaidi ya siku nzima. Hili lako linakufa njiani." Alikuwa ameshika mkono wake kutafuta mshipa wa dripu, na hapo aliliona kovu jekundu juu ya kifundo. "Hapa umeungua na nini?"

"Tanuri. Ni mkate tu."

"Tanuri la jikoni?"

"La mkate. La mwaloni."

"Kwenye faili umeandikisha mama wa nyumbani."

"Ndiyo. Mkate ni nyumbani."

Daktari Cabras alitoka pwani, ambako mkate hununuliwa. Aliuliza mara ngapi kwa wiki, saa ngapi, anasimama umbali gani, dirisha liko wapi. Battistina alimjibu yote kwa usahihi, na aliposikia majibu yake mwenyewe yakifuatana alianza kujibu polepole.

"Nilikuambia uepuke joto," alisema daktari.

"Nimeliepuka. Agosti nzima sikutoka mchana. Naoga maji baridi. Hii ilikuwa Novemba."

Hapakuwa na uongo wowote katika hilo. Kwetu joto ni jambo la Agosti. Linalotoka tanurini halina ubaya. Ni la kujenga mwili, kama maziwa.

Daktari alieleza kwa maneno machache. Neva iliyopoteza ala yake hupitisha ujumbe vibaya zaidi mwili unapopata joto, hata likiwa dogo lisilofikia homa. Mwili ukipoa, ujumbe hupita tena. Hakuna kovu jipya linalotokea, lakini mtu anaweza kuanguka, na kuangukia moto ni kuangukia moto. Ushauri wake ulikuwa aache tanuri.

"Au?" aliuliza Battistina.

"Au nini?"

"Kuna njia ya pili. Umeinyamazia."

Daktari alifungua dripu, akatazama matone hadi yalipokwenda sawa.

"Au uupoze mwili kabla na wakati wa kazi, usimame mdomoni vipindi vifupi, na uondoke dalili ya kwanza tu ikitokea, si ya pili. Na kwanza ule, maana kwa mapaja hayo hata kwenye barafu ungeanguka."

Njiani kurudi, Bachis akiendesha, Battistina alimuuliza siku ya moto wa Mtakatifu Antonio alikuwa amekula nini.

"Hukula kitu."

"Najua. Nilitaka alitamke mtu mwingine."

Alikuwa na sababu ya kutaka daktari awe amekosea. Kama ni chakula, angekiacha na kubaki. Kama ni joto, basi kilichomwangusha ni mahali penyewe alipokuwa akipapigania. Lakini hakutaka kuamini wala kukataa kwa kusikia. Jumapili alimwambia Bachis aweke mezani kila kitu alichokuwa ameacha: mafuta ya nguruwe yaliyokatwa membamba, soseji, jibini mbili, mayai, karasau, bilauri ya divai, kahawa. Alifungua dirisha, akavua sweta, akaketi kwenye upepo.

Tzia Tatana aliitwa kushuhudia. Alikaa mikono mapajani kama mtu aliye kando ya kitanda cha anayekata roho.

"Tumwite padri?"

"Mwite kama anataka soseji."

Alikula kidogo cha kila kitu, polepole. Tumbo, lililozoea wali, lililalamika hadi jioni. Mguu haukulalamika. Alitembea hadi makaburini na kurudi, Tatana nyuma yake akiangalia kisigino cha kushoto kikipanda na kushuka. Battistina alisema siku moja haithibitishi kitu, na Jumatatu akarudia. Mguu ukawa uleule, mzima.

Jumanne alikula wali na karoti, chakula pekee kilichokuwa hakijawahi kulaumiwa, akaenda kusimama mbele ya tanuri. Aliwaambia wenzake wamwangalie. Kabla rundo la kwanza la mkate halijafika magotini mwa Tatana, kisigino kilianza kukwaruza sakafu. Akaweka beleshi chini, akatoka uani, akachota theluji iliyobaki nyuma ya ukuta wa kaskazini na kujipaka shingoni na mikononi. Kisigino kikarudi. Akaingia, kikakwaruza. Akatoka, kikarudi. Lussoria, aliyekuwa ameshika mpini wa beleshi badala yake na uso umemwiva, alitazama mchezo huo mara ya pili, kisha akasema kwamba anajisikia vibaya kwa ajili ya maharage. Hayakuwa na kosa lolote.

Tatana hakushawishika haraka.

"Tanuri hili liliponya magoti ya baba mkwe wako."

"Mimi siumwi magoti, tzia."

"Mimi ndiye niliyekuketisha hapa. Na shali."

"Ndiyo."

Tatana aliendelea kukata mkate. Alikata mmoja, akakata wa pili, na wa tatu ukachanika mkononi mwake, jambo ambalo hatujaliona mara nyingi.

Baada ya kazi Battistina alisema anachotaka. Alitaka dirisha dogo lililo nyuma ya anayesimama mdomoni lifunguliwe. Alitaka abadilishane na Lussoria, huyu mdomoni na yule mezani, kwa zamu fupi. Alitaka vitambaa vya maji viwekwe kwenye friji usiku ili avifunge shingoni. Zamu na vitambaa vilikubaliwa. Dirisha lilikataliwa. Dirisha hilo halikuwa limefunguliwa wakati wa mkate tangu enzi za mama mkwe wa Tatana. Upepo huliua donge, na mkate wa donge lililouawa hauvimbi.

"Upepo unaua donge lililo mezani," alisema Battistina. "Lililo tanurini linaujuaje?"

"Linajua."

"Basi Ijumaa tutaliuliza."

Ijumaa donge lilipumzishwa chumba cha pili, chini ya vitambaa vya sufu, mlango umefungwa. Kila duara lililetwa moja moja. Dirisha likafunguliwa. Mkate wa kwanza ulivimba. Tatana alisema mkate mmoja haumaanishi kitu, na Battistina akakubali kwamba ni kweli. Wakaoka hadi donge likaisha. Michache haikufunguka, kama kila siku. Tatana aliichukua hiyo, akaigeuza huku na huku akitafuta alama ya upepo, akaiweka kwenye kikapu cha kulisha nguruwe. Kuhusu Grassia hakusema kitu, na Battistina hakuuliza.

Wiki zilizobaki kabla ya Pasaka zilikuwa za kula. Mtaalamu wa lishe wa hospitali alimpangia, na yeye aliufuata mpango huo kama alivyowahi kuufuata ule mbaya, bila hamu na bila kuruka siku. Asubuhi yai na karasau. Kabla ya saa sita dengu, au maharage na mboga chungu za porini, na mafuta ya zeituni juu yake. Samaki siku ambayo gari la samaki linapanda kutoka pwani. Vidonge vya chuma na vitamini. Mafuta ya nguruwe hayakurudi mezani ila siku ya sikukuu. Hilo alilibakiza, na kwa sababu sahihi safari hii. Jibini alikula kipande chembamba jioni. Alimwambia Bachis waziwazi kwamba kitakuwa chembamba hivyo maisha yake yote, asimkatie kikubwa. Bachis alikwenda kuwatangazia baani kwamba mteja wake mgumu amerudi. Wakamuuliza amenunua kiasi gani. Akawaonyesha kwa vidole, wakamwambia hiyo ni biashara ya kumfilisi.

Sahani ya Mallena ilishuka kutoka juu ya kabati. Battistina aliipeleka mwenyewe, ikiwa na karasau na lozi. Mallena alimtazama kuanzia viatu hadi mabega na kumwambia bado kiunzi, ila sasa kiunzi chenye mashavu. Aliipokea sahani.

Pini za sketi zilitoka moja, kisha nyingine. Kulala mezani mchana kulikoma kabla ya mwisho wa Machi. Mguu uliendelea kukokota kila alipopata joto. Hilo chakula hakikuligusa, na hakutegemea kiliguse. Alichopata kwa chakula ni kwamba mguu ulipoanza, wa pili ulikuwa na nguvu za kumtoa pale.

Jumanne ya Wiki Takatifu moto uliwashwa kukiwa bado giza. Grassia alikuwepo. Tatana alikuwa amemwita, na alisimama mlangoni akiwa amevaa aproni safi, mikono nyuma, akiona aibu kwa kuwapo. Battistina alimsalimu akamwambia aingie, anazuia upepo.

Dirisha dogo lilikuwa wazi. Battistina alifunga kitambaa baridi shingoni na vingine viwili kwenye vifundo vya mikono, akashika beleshi. Alitoa mkate wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Walikuwa wamekubaliana kwamba neno moja litatosha. Alipoisikia ganzi kwenye kidole kidogo cha mguu, ikiwa bado haijafika kisiginoni, alisema, "Mguu," akamkabidhi Lussoria beleshi. Grassia alipiga hatua mbele. Tatana alimzuia kwa kuinua kisu kidogo tu, bila kugeuka.

Battistina alikaa chini ya dirisha, akabadilisha vitambaa, akala bakuli la dengu lililokuwa limewekwa hapo kwa ajili hiyo, akasimama, akaenda mezani kusukuma donge. Lussoria alipoanza kulalamika kwamba uso wake si wa kuokwa, walibadilishana tena. Ikawa hivyo asubuhi yote: mdomoni, dirishani, mezani, mdomoni. Mara moja alichelewa kusema, kwa sababu mkate uliokuwa ndani ulikuwa unavimba vizuri. Tatana alisema badala yake: "Mguu." Battistina akatoka.

Magogo ya kuni yalipobaki machache, tzia Tatana alimwambia Grassia avue aproni aende nyumbani, akamsaidie mama yake, siku ni kubwa. Grassia aliikunja aproni na kuiweka juu ya meza. Battistina alifunga kitambaa kipya shingoni, akaingiza duara la mwisho. Likavimba. Alilitoa kwa beleshi, mkono wa kushoto ukiwa mbele, akalishusha mbele ya tzia Tatana, na tzia Tatana akalikata ukingoni pande zote na kulitenganisha karatasi mbili.